Pedi za Mafundi Wengine: Tarikhi ya Kifaa cha Mchezo hadi Ngara na Biharamulo

Miongoni mwa bidhaa zinazopakiwa Kariakoo na kusafirishwa kwa barabara kuu hadi Nyakanazi, Lusahunga, Benaco na Kabanga, imo moja ndogo ambayo ni nadra kuandikiwa tarikhi, nayo ni pedi ya gemu, kile kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili ambacho kwacho mchezaji humwendesha mwanasoka, gari au askari aonekanaye kiooni. Katika viungo vyote vya mashine ya mchezo, pedi ndiyo pekee inayobanwa, kulowa jasho, kuvutwa waya na kuangushwa sakafuni kila siku, na kwa sababu hiyo ndiyo inayokufa kwanza, ilhali mashine yenyewe yaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Mwenye kibanda cha gemu mjini Ngara au Biharamulo, kadhalika kijana mwenye kompyuta yake nyumbani, hununua mashine mara moja na pedi mara nyingi. Na kila anunuapo hukabiliwa na suala lile lile, kwamba achukue pedi iliyoundwa na kampuni ya mashine, au ile ya kampuni nyingine ambayo haikuunda mashine hiyo bali huunda vifaa vyake tu.

Watu wengi hulijibu suala hili kwa haraka, wakidhani kwamba pedi ya kampuni nyingine ni kimbilio la mtu asiye na uwezo, kitu cha kuvumiliwa mpaka siku ya neema. Dhana hiyo haina msingi katika tarikhi. Fundi wa nje alikuwapo tangu utoto wa biashara hii. Mara nyingine amemtangulia mwenye mashine kwa ubora, na mara nyingine amewauzia watu takataka. Na tofauti ya hali hizo mbili imetokana na mambo matatu ambayo mtu yeyote mwenye subira aweza kuyachunguza. La kwanza ni kama mashine itaikubali pedi hiyo. La pili ni viungo vya ndani vimeundwa kwa njia gani. Na la tatu ni kama aliyeiunda ameitia jina lake mwenyewe au ameiba la mwenziwe. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mambo hayo matatu yalivyozuka, ili mnunuzi wa wilaya hizi mbili, aliye mbali na viwanda na mbali na maduka ya kampuni, achague kwa maarifa.

Nchi hizi si ngeni katika mambo ya njia na ada za kupita. Sehemu kubwa ya Biharamulo ya leo ilikuwa ndani ya Usui, ufalme ambao sifa yake kwa wasafiri wa misafara ilikuwa ni ukali wa hongo, yaani ule ushuru wa njia uliotozwa kila mgeni mwenye mizigo. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant, wakielekea kaskazini kutafuta chanzo cha Mto Nile, walizuiliwa huko na watu wa mfalme Suwarora, wakadaiwa nguo, shanga na nyaya, na hawakuachiwa njia ya kwenda Karagwe kwa Rumanika mpaka walipokwisha kulipa. Mwenye nchi alikuwa na hoja yake, kwamba apitaye katika himaya ya mtu na kunufaika na amani yake amlipe. Na msafiri naye alikuwa na yake, kwamba ada isiyo na kipimo huua biashara. Hoja hizo mbili ndizo zinazogombana hata leo kati ya makampuni ya mashine na mafundi wa nje wanaotaka pedi zao ziingie katika mashine hizo, na mtu aliyesoma habari za Usui hapati taabu kuuelewa ugomvi wenyewe.

Ipo pia sunna nyingine ya kale katika nchi hizi inayolingana na suala letu. Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma wa Uzinza, walifua majembe yaliyosifika na kuuzwa hata Usukumani; walakini mnunuzi wa jembe la Mrongo alichukua chuma tu, kisha mpini akaukata mwenyewe au akamlipa mchongaji wa kijijini kwake, kwa kuwa mkono utakaolima ni wake, na mti anaujua yeye. Hapana aliyeona kwamba mpini usiotoka kwa mhunzi umelitia jembe dosari. Ndivyo ilivyokuwa katika michezo pia: bao la safu nne, ambalo Wanyarwanda huliita igisoro, na ambalo limeenea katika nchi zote za Maziwa Makuu, lilichongwa na yeyote aliyejua kuchonga, na asiye na mbao alichimba vishimo ardhini akatafuta mbegu, na ushindi ulikuwa wa akili tu. Mpaka mchezo ulipoingia ndani ya umeme, hapakuwa na mtu katika nchi hizi aliyedai kwamba yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuunda kile ambacho mchezaji anakishika.

Mchezo wa umeme nao, mwanzoni mwake, haukuwa na mwenyewe. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, mwanafizikia William Higinbotham aliwatengenezea wageni waliokuja kutazama kazi za maabara mchezo wa tenisi ulioonekana katika kioo cha kupimia mawimbi ya umeme, na kila mchezaji alipewa kisanduku cha alumini chenye kirungu cha kuzungusha na kitufe kimoja. Miaka minne baadaye, katika chuo cha MIT, vijana waliobuni mchezo wa Spacewar waliona kwamba swichi za kompyuta yao zinawachosha viwiko, na wawili miongoni mwao, Alan Kotok na Bob Saunders, wakaunga visanduku vya kushika mkononi kwa vipande walivyovipata. Yafaa izingatiwe kwamba pedi hizo za mwanzo ziliundwa na wachezaji wenyewe, tena kwa haja ya mwili uliochoka. Kampuni zilikuja baadaye, mashine ya kwanza ya kuuzwa majumbani, Odyssey ya Magnavox, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, ikiingia madukani mwaka 1972.

Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine yake maarufu, ikaiwekea kijiti chenye kitufe kimoja, na ikaiundia tundu la pini tisa ambalo halikuwa na siri yoyote ndani yake: kila mwelekeo wa kijiti ulikuwa na njia yake ya umeme tu, iliyofungwa au kufunguliwa kwa kukisukuma juu, chini, kushoto au kulia. Tundu hilo likaigwa na watengenezaji wengine wa mashine na kompyuta, wakiwamo Commodore, hata likawa kama kanuni ya ulimwengu. Hapo ndipo mafundi wa nje walipopata wasaa wao. Kampuni ya Wico, iliyokuwa ikiuza vipuri vya mashine kubwa za kumbi za michezo, iliunda vijiti vya nyumbani vyenye uimara wa kumbi hizo, na wachezaji wengi wakavipenda kuliko vile vya Atari vyenyewe. Wengine, kama watengenezaji wa QuickShot, wakaviwekea umbo la kushikika vizuri zaidi kiganjani. Huu ni ushahidi wa kwanza, na wa yakini, kwamba mtu asiyeunda mashine aweza kuunda pedi bora kuliko mwenye mashine, maadamu njia imeachwa wazi.

Biashara hiyo ilianguka vibaya katika Amerika ya Kaskazini mwaka 1983, na aliyeiinua tena alikuwa Mjapani. Mwaka mmoja kabla yake, Gunpei Yokoi wa Nintendo alikuwa amebuni ule msalaba wa kubonyezwa kwa dole gumba ambao hata leo umo katika karibu kila pedi. Na Julai 1983 kampuni yake ikatoa Famicom, mashine ambayo pedi zake mbili zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja ndani ya mwili wake, hata waya ukikatika ilibidi mashine yote ifunguliwe. Mashine hiyo ilipopelekwa Marekani, Nintendo iliifunga kwa chipu ya kuzuia kanda za michezo zisizo na idhini yake, na vifaa vya watu wengine ikavitolea muhuri wa kibali. Hata hivyo haikuweza kuifunga dunia nzima. Viwanda vya Asia viliinakili Famicom kwa wingi, na nakala hizo, zenye pedi nyepesi za plastiki, ndizo zilizouzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Ulaya ya Mashariki kwa watu ambao kamwe hawakuiona Nintendo ya asili. Kwa walio wengi katika ulimwengu wetu, basi, pedi ya kwanza kushikwa mkononi ilikuwa ya fundi mwingine.

Mwaka 1994 una mahali pake pa pekee katika habari hizi. Katika mwaka huo televisheni za kwanza za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo yake. Na tarehe 3 Desemba kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation nchini Japani. Lakini kwa watu wa Ngara mwaka huo una maana nyingine kabisa, kwani kati ya Aprili 28 na 29 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa ishirini na nne, wakapewa hifadhi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia iliyokuwa ikijenga barabara. Kambi nyingine zikafuata, za Lumasi na Lukole miongoni mwake. Radio Kwizera ikaanzishwa mwaka 1995 kuwahudumia wakimbizi na wenyeji. Wanyarwanda wakarejea kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole, iliyobaki na wakimbizi wa Burundi, ikafungwa mwaka 2008. Si haki kuandika tarikhi ya mchezo wowote katika wilaya hiyo bila kukumbuka kwamba wakati watoto wa nchi nyingine walipokuwa wakiipokea PlayStation, watoto wa hapa walikuwa wakipokea wageni wenye njaa na majeraha, wakigawana nao kuni, maji na mashamba.

Umbo la pedi tunalolijua leo lilitokana na mashine hiyo ya Sony. Pedi yake ya kwanza, iliyobuniwa na Teiyu Goto, ilikuwa na mikono miwili ya kushikia, msalaba upande wa kushoto, na vitufe vinne vya alama upande wa kulia. Mwaka 1997 ikaongezewa vijiti viwili vya dole gumba na mota za mtikisiko, ikaitwa DualShock. PlayStation 2 ilipotoka Machi 2000 haikubadili tundu la pedi, na wala pedi hazikudaiwa hati yoyote ya siri kabla ya kukubaliwa. Mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 155, ikaendelea kuundwa mpaka miaka ya 2012 na 2013, na kwa ajili ya wingi wake huo viwanda vya China vilimimina pedi zisizo na idadi za tundu lile, nzuri na mbaya, zikauzwa Kariakoo kwa maboksi na kutoka huko zikapanda kuja bara.

Hiyo ndiyo mashine iliyojenga vibanda vya gemu katika miji midogo ya Tanzania, na miji ya kando ya barabara ya kwenda Rusumo na Kabanga ilikuwa na sababu zake za kuvipokea. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hulala njiani. Penye malori hulala watu, na penye watu wanaosubiri hupatikana biashara ya kuwapitishia muda. Kibanda chenyewe huwa ni chumba kimoja chenye runinga mbili au tatu, benchi la mbao na pazia la kuzuia mwanga; malipo hutolewa kwa mechi au kwa dakika; na mchezo unaotawala ni kandanda, ile ya Konami iliyojulikana kwa jina la Winning Eleven na baadaye Pro Evolution Soccer, na ile ya FIFA. Kwa desturi aliyefungwa huiachia pedi aliye nyuma yake katika foleni, hata pedi moja hupita katika mikono ya watu wengi kutoka asubuhi hadi usiku. Umeme nao ulikuwa wa taabu, kwa kuwa kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea mitambo ya dizeli; mambo yamebadilika katika miaka ya karibuni kwa kufika kwa gridi ya taifa na kwa mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana kwa sehemu sawa.

Katika vibanda hivyo ilikuzwa elimu ambayo haimo katika kijitabu chochote cha kiwandani. Fundi wa pedi, kwa bisibisi ndogo, kipande cha pamba na spiriti, alijifunza kwamba kitufe kisichosikia aghalabu hakijafa, bali raba yake ya ndani imeshika uchafu au imelika; kwamba waya hukatikia shingoni, pale unapoingia katika pedi, na ukifupishwa kidogo na kulehemiwa upya kazi inaendelea; na kwamba pedi tatu mbovu zaweza kutoa mbili nzima. Aligundua jambo jingine lenye kustaajabisha, kwamba ubora wa kiwanda si lazima uwe ubora wa kibanda. Pedi ya asili ya PlayStation 2 ilipitisha umeme wa vitufe vyake katika utando mwembamba wa plastiki, na vitufe hivyo viliweza kupima hata nguvu ya kidole. Walakini utando ukichanika haulehemiki. Pedi nyingi za mafundi wengine, kwa kupunguza gharama, ziliweka kibao kigumu cha saketi, zikakosa ule ulaini wa kupima nguvu, lakini zikawa nyepesi kufunguliwa na kutengenezwa. Mchezaji mahiri aliitaka ya kwanza. Mwenye kibanda, akihesabu miezi, mara nyingi alikuwa na sababu ya haki ya kuitaka ya pili.

Baada ya hapo njia zikaanza kufungwa, na hongo ya Suwarora ikapata nduguye wa kisasa. Xbox 360, iliyotolewa na Microsoft Novemba 2005, ilizitaka pedi zijitambulishe kwa chipu maalumu, na asiye na leseni hakuingia. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilikuwa na upole zaidi, ikazikubali pedi nyingi za kawaida za waya wa USB. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ikakaza, hata pedi isiyoweza kutoa hati yake ya siri ikawa inakubaliwa kwa dakika chache kisha hukatwa. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, hukubali pedi ya PlayStation 4 kwa michezo ya PlayStation 4 tu, na michezo yake mipya huidai pedi mpya. Mwezi Novemba 2023 Microsoft nayo ilianza kuvizuia katika mashine za Xbox vifaa visivyo na idhini, na watu waliokuwa wamezitumia pedi zao kwa amani wakaona onyo kiooni na kisha kuzuiwa. Makampuni husema kwamba yanalinda usalama wa mchezo na kuwazuia wadanganyifu, na hoja hiyo ina sehemu ya ukweli. Lakini ni kweli pia kwamba kila leseni ina ada yake, na ada hiyo hatimaye hulipwa na mnunuzi, hata huyu wa Rulenge au Nyakahura asiyejua kwamba ameilipa.

Kompyuta ilifuata njia ya peke yake. Kwa muda mrefu kila pedi ya kompyuta ilizungumza na michezo kwa mtindo wake, na mchezaji alilazimika kuielekeza kitufe kwa kitufe. Lakini pamoja na Xbox 360 Microsoft ilileta kanuni moja iitwayo XInput, ambayo michezo ya Windows iliifuata karibu yote, hata ikawa pedi isiyoijua kanuni hiyo huunganishwa na isionekane kabisa ndani ya mchezo. Kampuni ya Logitech, katika pedi yake ya F310 ya mwaka 2010, ilitatua jambo hili kwa swichi ndogo nyuma yake, yenye herufi X kwa michezo mipya na D kwa ile ya zamani, na kwa ajili ya swichi hiyo pedi hiyo ya bei ya wastani imeendelea kuaminiwa. Siku hizi programu ya Steam hufanya kazi ya mkalimani kati ya pedi za kila kabila na michezo. Kwa hiyo, katika kompyuta, fundi wa nje angali yu huru. Na kijana wa Ngara mwenye kompyuta iliyotumika ana uchaguzi mpana kuliko mwenye PlayStation 5 aliye Ulaya.

Limebaki suala la viungo vya ndani, nalo ndilo ambalo mafundi wa nje wamelishinda katika miaka hii. Kijiti cha dole gumba katika pedi nyingi, zikiwamo zile za makampuni makubwa, hupimwa kwa potenshiomita, yaani kwa kiguso kinachokwaruza juu ya njia ya kaboni. Na kila kinachokwaruza hulika. Njia hiyo ikilika, mchezaji wa kiooni hutembea peke yake hali hakuna aliyemgusa, na hilo ndilo gonjwa linaloua pedi nyingi za PlayStation 4 katika vibanda. Dawa yake ilijulikana zamani. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikikaribishwa penye waya upitao umeme huzaa volti ndogo inayoweza kupimwa. Na Sega, katika mashine yake ya Dreamcast ya mwaka 1998, ilikitumia kihisio cha namna hiyo ndani ya kijiti, kisicho na kugusana wala kulika. Makampuni makubwa hayakuifuata njia hiyo katika pedi zao za kawaida. Waliofufua maarifa hayo ni mafundi wa nje wa China, kama GuliKit, na 8BitDo iliyoanza mwaka 2013. Na kuanzia mwaka 2022 pedi zao za sumaku zilienea, nyingine kwa bei iliyo chini ya ile ya pedi ya mwenye mashine. Tukio la Wico likajirudia baada ya miaka arobaini.

Sharti hapa litofautishwe jambo ambalo wauzaji wengi hulichanganya. Pedi ya Logitech, ya Hori, ya 8BitDo au ya GameSir ni pedi ya fundi mwingine. Imeandikwa jina lake, na ikiharibika anajulikana wa kulaumiwa. Pedi iliyopigwa chapa ya Sony ilhali haikutoka kwa Sony ni ghushi, na kuiuza ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani. Ghushi humdhulumu mwenye jina, humdhulumu mnunuzi, na juu ya hayo humharibia sifa fundi mwaminifu wa nje, kwa kuwa watu huwaweka wote wawili katika kapu moja wakiita kila kisicho cha asili kuwa ni feki. Jina si kinga ya milele, kwani hata Mad Catz, iliyoanza mwaka 1989 na kuuza pedi duniani kote, ilifilisika mwaka 2017. Lakini penye jina la kweli pana sifa iliyojengwa, na mwenye sifa huogopa kuipoteza.

Kutokana na tarikhi hii nasaha hujitokeza zenyewe. Mwenye kibanda cha PlayStation 2 au 3 angali katika zama za njia wazi: achague pedi ya waya, yenye kibao kigumu na raba zinazopatikana, na anunue kadhaa za aina moja ili iliyokufa iwe ghala la vipuri vya zilizo hai. Mwenye PlayStation 4 aifanyie pedi majaribio kwenye mashine yenyewe kwa nusu saa kabla ya kulipa, maana zile zinazokatwa hazikatwi katika dakika ya kwanza. Mwenye PlayStation 5 au Xbox mpya asinunue isiyo na leseni hata ikiwa na bei ya kuvutia, kwa kuwa programu ikisasishwa usiku, asubuhi pedi yaweza kuwa imefungiwa. Mwenye kompyuta aulize kama pedi inaijua XInput, na ikiwa fedha zinaruhusu atafute ile yenye vijiti vya sumaku, kwani tofauti ya bei hurudi kwa urefu wa maisha yake. Pedi isiyo na waya ni raha ya nyumbani. Katika kibanda hudai chaji kila siku, betri yake huzeeka, na ni rahisi kutoweka mfukoni mwa mtu.

Nao wauzaji wa Biharamulo, Lusahunga na Benaco wana wajibu, ambao ukitekelezwa utaiinua biashara yao yote: waandike kwenye kila boksi jina la aliyeiunda pedi, mashine inayoikubali, na kama vijiti vyake ni vya sumaku au vya kukwaruza, na waweke runinga moja dukani kwa ajili ya majaribio. Mafundi nao wafundishe vijana kazi hii kwa wazi, kama kazi ya saa na redio ilivyofundishwa zamani, kwa kuwa kila pedi inayofufuliwa ni fedha iliyobaki wilayani. Na mzazi atakayekwenda kumnunulia mwanawe pedi, hata kama yeye mwenyewe hajapata kuishika, aulize maswali matatu tu, kwamba nani aliyeiunda, mashine gani inaikubali, na ikiharibika nani ataifungua. Muuzaji anayeyajibu kwa uaminifu apewe fedha, na asiyeweza kuyajibu aachwe na bidhaa yake.